Mtego wa nondo wa machungwa umeacha kukamata. Kwani dume anasikiaje hii harufu ambayo mimi siisikii?

Mchungwa180

Wakuu habari za jioni. Nina michungwa kama 180 hivi huku Muheza, mingi Valencia na mingine ya zamani tuliyoachiwa na mzee. Msimu uliopita machungwa yakawa yanaanguka kabla hayajaiva vizuri, ukiokota unakuta kitundu kidogo na pembeni yake pamekua pa njano, ukikata ndani funza wa pinki. Mi nikajua ni nzi wa matunda nikahangaika na chupa za nzi weee mpaka bwana shamba akaja akaniambia sio, funza wa nzi hana miguu wala kichwa cha kueleweka, huyu wako ana kichwa cha kahawia na anatembea kabisa, huyu ni nondo. Akaniambia jina lake la kisayansi Thaumatotibia leucotreta, wenzetu wa Kenya wanamuita FCM, kifupi cha Kiingereza "false codling moth".

Sasa nikanunua mtego, ile pembetatu ya karatasi ngumu ina gundi chini, halafu kuna kimpira chekundu kadogo kama kifuniko cha chupa ya sindano ndo unakiweka katikati. Nikaambiwa hicho kina harufu ya jike. Nimekinusa mpaka pua imegusa, hakuna kitu, kinanuka mpira tu. Nikasema nimeshapigwa. Nikaning'iniza hivyo hivyo, wiki ya kwanza nondo 23, ya pili 17. Nikafurahi. Wiki ya tatu 4. Juzi wiki ya nne nimekuta mmoja tu na machungwa bado yanaanguka.

Jirani yangu ananicheka anasema nondo wameshtuka, wamejua ni mtego. Maswali yangu ni haya, dume anasikiaje kitu ambacho pua yangu haisikii hata kidogo, na je kweli wanaweza kushtuka? Na kwa nini nakamata madume tu wakati anayetaga ni jike? Mwenye kujua anieleweshe taratibu mi darasa la saba.

mzee_wa_pembejeo

Umepigwa mkuu hahaha. Hizo chambo nyingi zinakuja zimeshaisha muda. Piga dawa tu kila siku 14 achana na karatasi.

FundiPapasi

Mchungwa180 usimsikilize huyo wa dawa kwanza (samahani mzee, si kwa ubaya). Funza wa huyu nondo akitoka kwenye yai anatoboa tunda na kuingia ndani, akishaingia dawa unampigia ganda tu. Una dirisha dogo sana pale kati ya kuanguliwa na kutoboa, na mtego ndo unakusaidia kujua dirisha hilo liko lini. Mtego si silaha mkuu, mtego ni kengele.

Sasa swali lako la harufu nimelipenda kwa sababu nimefanya kazi maabara ya wadudu miaka sita, kazi yangu ilikua kukata antena za nondo, yaani vile vipapasio vya kichwani, usicheke, kuna watu wanalipwa kwa hiyo. Ngoja nieleze nilichokiona kwa macho.

Chukua nondo mmoja aliyenaswa kwenye gundi yako, mpige picha ya karibu na simu. Utaona vipapasio viwili kama nyuzi, havina mbwembwe. Nondo wa hariri vyake ni kama unyoya au kitana, wa kwako ni uzi tu, lakini huo uzi una vinywele vingi ambavyo huwezi kuviona bila darubini kali. Kwa nondo wa hariri walishahesabu, dume ana vinywele kama 17,000 kwenye kila antena vya kazi moja tu, kumnusa jike. Kazi nyingine havina. Jiulize mtu angekua na pua mbili zote za kunusa mke tu na chakula ananusa na pua ya tatu, ndo nondo dume huyo.

Kila kinywele ni bomba lenye matundu ukutani, madogo mno, nanomita kumi na kitu. Harufu inaingia kwa hapo. Lakini ndani ya bomba kuna majimaji na harufu ya jike ni kitu cha mafuta mafuta, na mafuta na maji unajua hayaelewani. Kwa hiyo kuna protini humo ndani inayofanya kazi ya bodaboda. Inambeba yule abiria wa mafuta, inamfunika, inamvusha mpaka kwenye ngozi ya neva, na akifika pale hali ya asidi inabadilika, protini inabadilika umbo na abiria anashuka. Hii protini iligunduliwa mwaka 1981 kwa wale nondo wakubwa wa Marekani. Akishashuka anakutana na kipokezi, kipokezi kinafungua mlango, chaji zinaingia na neva inapiga shoti kwenda kwenye ubongo. Halafu, hapa ndo panapoacha watu mdomo wazi, kuna vimeng'enya vinafagia harufu iliyobaki humo ndani haraka sana, sekunde moja ukiigawa mara mia ndo muda wenyewe unaouongelea. Bila huo ufagio kinywele kingebaki kinapiga kelele "jike jike jike" wakati jike ameshapita zamani.

Mtu anaitwa Dietrich Schneider mwaka 1957 huko Ujerumani ndo alianza kupima hii kitu kwa umeme. Na sisi tulikua tunafanya vile vile. Unakata antena ya dume, unaibana kati ya waya mbili nyembamba zenye maji ya chumvi, unapuliza hewa yenye harufu kidogo na kwenye skrini unaona mstari unaanguka ghafla halafu unapanda taratibu. Antena imekatwa, nondo mwenyewe yuko pembeni, lakini ile antena bado inamtaka jike kwa nusu saa hivi. Mara ya kwanza kuona nilinyamaza kabisa. Ukipuliza hewa ya harufu ya jani la mchungwa mstari unatikisika kidogo tu. Ukipuliza ya jike ni kama umepiga mlango teke.

Na kuhusu pua yako kutosikia, jike mmoja ana feromoni, yaani hiyo harufu ya kumuita dume, ya nanogramu tu, gramu moja igawanye mara bilioni. Kabla ya vifaa vya sasa ilikua kazi kubwa kuipata. Yule Butenandt alipotangaza feromoni ya kwanza ya mdudu mwaka 1959, ya nondo wa hariri, alitumia majike karibu nusu milioni na kazi ilimchukua kama miaka 20, akapata vimiligramu vichache tu. Baadae Wajerumani wengine wakaonyesha kwamba molekuli MOJA ikigusa neva ya dume inatosha kuamsha shoti. Moja mkuu. Kimpira chako kina feromoni nyingi kuliko majike wa shamba lako zima na bado pua yako haisikii, kwa sababu huna vipokezi maalum vya harufu hiyo kama alivyo navyo dume. Kwako ni hafifu mno, na tena haikuhusu.

Mama Ndimu

Fundi hapo kwa bodaboda nimecheka lakini nimeelewa. Swali, sasa kwa nini mtego wa nzi wa matunda haukamati huyu nondo? Mi nilikua naweka ile ya nzi nikijua inakamata wadudu wote.

FundiPapasi

Dada, ile ya nzi ni methyl eugenol, ni kitu cha kwenye mimea na dume wa yule nzi wa matunda aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003 anakipenda mno, anakula kabisa halafu anakigeuza manukato yake ya kutongozea. Nondo hana habari nacho. Kila mdudu na lugha yake.

Na kwa nondo lugha yenyewe ni ya kiwango cha kushangaza. Huyu wa machungwa harufu yake kuu ni vitu viwili ambavyo ni kama mapacha, vyote ni mnyororo wa kaboni 12, vyote vina kiungo kigumu sehemu ya nane, tofauti ni kwamba kimoja pale kwenye kiungo kimenyooka na kingine kimepinda kama goti. Basi. Dume anapima vyote viwili na anataka vichanganywe kwa kipimo chake. Wapo wadudu ambao kipimo ndo kabila, kuna nondo wa mahindi huko Ulaya ana vikundi viwili, vyote vinatumia mapacha wa kemikali wa aina moja (sio hawa wa FCM), kikundi kimoja kinatumia 97 kwa 3 na kingine kinageuza karibu 1 kwa 99, na dume wa huku kwa kawaida hamfuati jike wa kule. Hata huyu FCM, watafiti waliopima wa Afrika Magharibi na wa kusini mwa Afrika walikuta mchanganyiko haufanani. Kwa hiyo ukinunua chambo uliza kimetengenezwa kwa nondo wa wapi, ingawa najua muuzaji atakuangalia tu.

Hivyo vinywele vingine vina neva mbili au zaidi ndani, moja inasikia pacha huyu nyingine pacha yule, nyingine kazi yake ni kusikia harufu ya jike wa jamii NYINGINE ili dume asipoteze muda. Hiyo ikipiga dume anageuka. Ndo maana chambo kikichafuliwa na chambo cha mdudu mwingine kinaweza kuharibika kabisa, pua yako haijui ila yeye anajua.

Mchungwa180

Duh. Fundi nimesoma mara mbili. Sasa hapo kwa kuchafua nina jambo la kukiri. Nilipokinunua kile kimpira nilikiweka droo moja na vile vya viwavijeshi vya mahindi vya shemeji, vyote havina pakti maana duka waliniuzia rejareja kwenye karatasi. Na nimekishika kwa mkono mtupu. Mkono huo huo ulishashika vya viwavijeshi asubuhi ile. Lakini mbona wiki ya kwanza walikuja 23?

Kathonzweni_Fruits

Mkubwa salamu kutoka Makueni, sisi huku tuko na hiyo shida ya FCM kwa machungwa, kwa pilipili hoho, hadi kwa avokado saa zingine. Hapo kwa mkono mtupu mimi pia nilikosea na wacha nikupe story. Nilikuwa nimebeba hizo lure, yaani hivyo vimpira vya harufu, kwa mfuko wa koti ya kazi, si kwa pakti, hivyo tu. Jioni kwa saa moja hivi nimekaa nje na watoto, nikaona vipepeo vidogo vya kijivu vinanizunguka kifua, mmoja akatua hapa kwa mfuko akaanza kupiga mabawa mbio mbio akizunguka kama amelewa. Bibi yangu akaniambia hiyo koti imerogwa. Nikamwambia mama, hawa ni wanaume wananipenda. Hiyo koti nimeifua mara tatu na ikining'inizwa usiku bado wanaitembelea. Tangu siku hiyo ni glavu na pakti ya foil na friji, na kila aina na chupa yake.

Lakini mimi nadhani shida yako si hiyo sana. Ulitundika wapi? Na ulibadilisha lure lini?

Mchungwa180

Kubadilisha sijabadilisha, ni ile ile ya siku ya kwanza. Nimetundika kwenye mti wa pembeni kabisa karibu na njia, upande wa magharibi ili nikipita na baiskeli niione, chini kidogo, usawa wa kiuno. Jua la mchana linaupiga vizuri. Leo nimeufungua kuangalia vizuri maana mlinitia wasiwasi, gundi imejaa vumbi jekundu la barabara na mbawa za wale wa zamani, na kuna mjusi mdogo kanasa akafa humo. Sio gundi tena ile ni sandpepa.

Kathonzweni_Fruits

Haha mjusi! Basi umejijibu nusu mkubwa. Hao nondo hawakushtuka, wengine walitua wakaondoka na miguu yao.

FundiPapasi

Mjusi kamaliza kesi. Lakini ngoja niongeze ya upepo maana hapo kwa magharibi ndo penye utamu.

Umewahi kufukiza udi nyumbani? Tazama moshi unavyotoka kwenye chetezo, hautoki kama ukuta, unatoka kama nyuzi, unajisokota, kati ya uzi na uzi pana hewa safi. Harufu ya jike inasafiri vile vile. Dume hafuati kwa kuonja "hapa pana nyingi, pale pana nyingi zaidi", la, mita hamsini kutoka kwa jike hilo haliwezekani maana uzi mmoja mzito unaweza kumpitia akiwa mbali na akiwa karibu akakutana na nafasi tupu. Anachofanya ni hivi, akigongwa na uzi mmoja anageukia upepo unakotoka na kurusha mbele. Akiukosa anaacha kwenda mbele, anaanza kwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, akiongeza upana, mpaka agongwe tena. Ndo maana ukiwaona wanakuja kwenye mtego wanakuja kwa zigizaga kama mlevi anayetafuta mlango wake. Na anajuaje upepo unatoka wapi akiwa angani? Kwa macho, anaangalia ardhi na majani yanavyopita chini yake, gizani hivyo hivyo.

Sasa ule ufagio nilioutaja, wa kufagia harufu ndani ya kinywele, kazi yake ni hii. Lazima asikie nyuzi moja moja, pa, pa, pa. Ukimpa harufu mfululizo bila nafasi kati, neva zinachoka na dume anaacha kusonga mbele. Harufu ipo tele ila hana pa kuelekea.

Rudi kwako. Huko Muheza jioni upepo wa baharini unakuja kutoka upande wa mashariki, kaskazini mashariki au kusini mashariki kutegemea msimu. Mtego wako uko magharibi mwa shamba. Harufu yako yote ilikua inaenda barabarani mkuu. Ulikua unawaita nondo wa jirani anayekucheka.

Mama Ndimu

😂😂😂 Jirani atakua ameshangaa machungwa yake yamepona

FundiPapasi

Hajapona dada, hapo ndo swali la tatu la Mchungwa180. Madume wakipungua 45 shamba zima bado majike wanapata mume, dume mmoja anapanda majike kadhaa. Jike ndo anayeita, anakaa kwenye jani usiku, anainua mkia, anatoa tezi nje na kuachia harufu, hana sababu ya kufuata harufu ya jike mwenzake. Kwa hiyo mtego ule utakamata madume mpaka kiama. Na ukitaka kuhakikisha kwamba ni yeye na sio nondo mwingine wa majani, geuza dume uangalie miguu ya nyuma, ya huyu ina manyoya mengi ya kijivu cheupe, inaonekana kama amevaa suruali ya bwanga. Nondo wengine wadogo wa kahawia hawana hiyo suruali.

mzee_wa_pembejeo

Sawa nimekubali kwa dawa nilikurupuka. Ila na mimi niulize, hilo la kushtuka mnalikataaje moja kwa moja? Mbu wameshtuka, kupe wameshtuka, viwavijeshi dawa hazishiki. Nondo ana nini cha ziada?

FundiPapasi

Shikamoo mzee wangu, hapo umeuliza swali la kitaalamu kuliko sisi wote. Wanaweza. Ila sio kwa mwezi mmoja na sio kwa karatasi moja ya gundi.

Iko kesi ya Japani, mkoa wa Shizuoka, nondo wa majani ya chai. Tangu 1983 walikua wanatumia njia ya kulijaza shamba zima harufu ili dume achanganyikiwe, na walitumia kemikali moja tu kati ya zile ambazo jike anatumia. Ilifanya kazi vizuri mno miaka kumi na kitu. Katikati ya miaka ya 90 ikaanza kushindwa, madume wakawa wanawapata majike ndani ya wingu lile lile. Walichofanya wakarudi kwenye mchanganyiko kamili, kemikali zote kama jike mwenyewe, na nguvu ikarudi. Ukifikiria ina mantiki, dume aliyeweza kutofautisha harufu ya jike wa kweli na ile ya nusu nusu ndo aliyezaa. Ila ukimpa ya kweli kabisa atakataaje, akiikataa hiyo amekataa na jike.

Lakini hiyo ni presha ya shamba zima, kila usiku, vizazi na vizazi. Mtego mmoja wa Mchungwa180 hauna presha hiyo.

Kathonzweni_Fruits

Na hiyo ya kujaza harufu shamba mzima, kuna jamaa walituletea hapa. Kwa shamba kubwa inaweza saidia, lakini mimi niko na ekari mbili, jirani ana ekari moja na hajali, nyuma yangu ni mapera ya msituni. Majike wanapata bwana huko kwa mapera halafu wanakuja kwangu tayari na mayai. Nilitumia pesa na nikakosa. Kitu imenisaidia mimi ni kuokota matunda iliyoanguka kila wiki, kila wiki bila kuchoka, na kuziweka kwa karatasi ya plastiki nyeusi nafunga nawacha kwa jua. Kwa sababu huyo funza akimaliza kukula anatoka anaingia kwa udongo anageuka nondo. Ukiacha tunda chini umefuga.

Pwani_Agro

Naomba niongeze moja maana mmetaja Muheza, huku kwetu mkoa wa Tanga. Afrika Kusini, bonde la Citrusdal, tangu 2007 wanawazalisha hawa FCM kiwandani, wanawapiga mionzi wawe tasa, wanawaachia mashambani. Wale tasa wanalishwa chakula chenye rangi, ukimminya aliyenaswa kwenye mtego tumbo linatoka pinki, ndo wanajua huyu ni wetu huyu ni wa mwituni, na wanataka wapate wao kumi kwa kila mmoja wa mwituni. Kwa hiyo mtego wa feromoni kule unatumika kama sensa. Dume tasa naye lazima antena zake ziwe nzima, akiwa hasikii jike basi umerusha pesa angani.

Na jambo hili si geni kwetu, wale mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa njia hiyo hiyo miaka ya 90, na mbung'o wenyewe walizalishwa Tanga mjini hapo wakapigwa mionzi wakamwagwa kwa ndege. Mzee wangu alikua anawalisha damu wale wadudu. Watu mtaani walikua wanamuuliza unafuga mbung'o una akili kweli?

Mchungwa180

Wakuu nimerudi. Siku tisa zimepita. Nimenunua kimpira kipya, safari hii duka lingine, kiko kwenye pakti ya fedha na kina tarehe. Nimekishika kwa mfuko wa nailoni maana glavu sina. Gundi mpya. Nimeuhamisha upande wa mashariki, juu kidogo ya kichwa, ndani ya kivuli ila sio kwenye majani mazito. Kile cha zamani nimekifunga kwenye chupa nikakitupa chooni ili kisiendelee kuita watu hovyo.

Jana saa mbili usiku nilikwenda na tochi ya simu nimeifunika na kitambaa chekundu. Nikakaa chini kimya. Nikawaona wenyewe, wawili walikuja kutoka upande wa barabara, kweli kushoto kulia kushoto kulia, mmoja akaupita mtego kwa upande wa juu akakosa, nikajua amepotea, mara akarudi kwa chini akaingia. Mwingine alitua kwenye karatasi nje, akatembea akipiga mabawa mpaka kwenye ukingo, akasimama pale muda mrefu akichezesha vile vipapasio, kimoja juu kimoja chini. Nikasema huyu ndo anahesabu zile nyuzi za Fundi. Halafu akaingia.

Leo asubuhi jumla 31. Nimewageuza kwa kijiti cha kiberiti mmoja mmoja, 29 wana suruali ya bwanga. Wawili hawana, ni weupe weupe wembamba, sijui ni akina nani.

FundiPapasi

Tupia picha ya hao wawili. Na tuambie vile vya viwavijeshi vya shemeji sasa viko droo gani.

Mchungwa180

Picha natuma jioni nikipata chaji. Vya shemeji... bado viko droo ile ile ya mwanzo, pamoja na kijiko cha chumvi. Nakwenda kuvitoa sasa hivi.